Siku Thelathini za Gitaa la Plastiki

4 Februari

Mjukuu wangu Nati,

Salamu. Sisi huku wazima, ukimwacha mgonjwa. Shangazi yako bado ana cherehani chake barazani na bado anawashonea watu suruali zenye mguu mmoja mrefu, kisha anawaambia ndivyo wanavyotembea. Bati la jikoni limetoboka tena, tumetega sufuria. Paka amezaa wanne chini ya kitanda cha Babu yako. Nimewaacha. Angalau hao wamekuja kumtazama. Mimi magoti yananiuma, ila sikuandikii ili unipe pole.

Simu yako niliikata makusudi mara mbili, usidhani ni mtandao. Kwenye simu mtu anasema sikusikii, anakwenda zake. Karatasi haina pa kukimbilia. Darasa la tatu lilinitosha kujua kuandika.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Hilo gitaa la gemu ulilotuma pamoja na mtambo wake limedumu siku nane. Nyanya sokoni hudumu zaidi. Binti wa mazoezi wa hospitali alikuja akaturekebishia, akasema Babu yako alishike kinyume, vile vidole vya kulia vilivyolala tangu alipopooza vikae shingoni juu ya vitufe, na mkono mzima ndio upige. Akafurahi, mzee wa watu. Siku ya nane kitufe chekundu kikazama kama jino bovu, hakirudi. Na kile kibao cha kupigia pale katikati, ukikigonga mara moja televisheni inahesabu mara mbili. Akakosa, akakosa, mpaka watu wa kwenye gemu wakaanza kumzomea. Ulijua lina watu wa kuzomea? Mtu aliyepiga gitaa harusini miaka thelathini na minne, maharusi wenyewe wakikataa kwenda kulala, leo anazomewa na katuni. Aliliweka mapajani akageukia ukuta.

Umeandika kwamba unataka kuja kumwona, kwamba unaogopa asije akaondoka kabla hujamwomba radhi. Ogopa. Gitaa lake la mbao lilikaa naye miaka yote hiyo bila ufa. Wewe ulilichukua asubuhi akiwa anaoga, hukuaga, na likavunjika shingo juu ya basi kabla hujafika huko ulikokuwa unakimbilia. Kwake miaka thelathini na minne, kwako safari moja.

Kwa hiyo sikiliza sharti langu. Ulimvunjia la mbao, mtengenezee la plastiki. Nalirudisha kwa mizigo ya basi, barua hii iko ndani ya boksi. Likikaa ndani ya nyumba hii siku thelathini mfululizo bila kuharibika, njoo, mlango uko wazi. Ukija kabla, nitamfungia chumbani, ufunguo nitautia kifuani, nawe utasalimiana na mbao za mlango. Unanijua.

Umeuliza kama anakutaja. Hasemi kitu. Mdomo umefunga.

Zamani nilikuwa nakuita mume wangu. Sasa nina mume mmoja tu, na huyo siwezi kumgeuza peke yangu.

Bibi yako.


16 Februari

Bibi, shikamoo.

Natumaini magoti yamepoa, pole nakupa hata kama huitaki. Msalimie Shangazi, mwambie suruali aliyonishonea ninayo bado na bado nachechemea.

Mimi ni mzima. Ninakaa chumba cha nyuma cha ukumbi wa gemu. Meza yangu ina bisibisi, chupa ya spiriti na chuma cha kulehemu, na mbele yangu kuna magitaa kumi na manne kama la Babu, yametolewa shingo, yamepangwa kama kuku wa kuchinjwa. Nayatengeneza hayo tu, kutwa. Vijana wanayapiga kama wanaua nyoka. Bibi, vitu hivi vimetengenezwa kuwa mchezo wa watoto, havikutengenezwa vimtibu mtu. Si kwamba najitetea. Nakueleza tu hali yake.

Kitufe chekundu kilikuwa na uji. Umekauka chini ya kitufe ukawa gundi. Nimekiosha kwa spiriti. Kibao kilikuwa kinahesabu mara mbili kwa sababu swichi ndogo iliyo chini yake imelegea, nimeweka mpya na springi ngumu zaidi. Tafadhali mfuteni Babu mikono kabla hajalishika. Na mkitaka kuliweka, msililaze chali, litundikeni.

Sharti nimelikubali. Sitasema ni la haki wala si la haki. Lile la mbao nililivunja mimi.

Nitahesabu toka siku mtakayolipokea. Bibi, hata neno moja hasemi? Hata nusu ya neno?

Mjukuu wako,
Nati


14 Machi

Nati,

Salamu zako zimefika na mimi nakurudishia. Shangazi yako amecheka kuhusu suruali, kisha akaingia ndani akalia, siku hizi analia kwa urahisi kama bomba bovu. Paka wamefumbua macho. Mmoja analala kwenye miguu ya Babu yako, ule upande usiosikia, kwa hiyo wote wawili wana raha.

Uji nimeusoma. Umenifundisha usafi, asante. Mimi niliyekuosha wewe tangu ukiwa na siku moja, leo nafundishwa kufuta mikono ya mume wangu.

Gitaa lako limedumu siku kumi na tisa. Nimezitia alama ukutani kwa mkaa. Siku ya kumi na tisa shingo imeanza kucheza pale inapoingia kwenye tumbo, na vitufe viwili vya chini, cha bluu na cha machungwa, vikafa. Ukiisukuma shingo kwa nguvu vinafufuka, ukiachia vinakufa. Shangazi yako alikaa ameishikilia kama anashika mwizi ili Babu yako amalize wimbo mmoja. Hiyo nayo ni kazi umemwongezea.

Binti wa mazoezi anasema kidole cha shahada sasa kinakunja. Mimi nimekiona. Kilikunja kikagonga kijani, yeye akakitazama kama si chake.

Hasemi kitu. Nimeshakuandikia, usiniulize kila barua kama karani.

Hesabu inaanza upya. Kumi na tisa hazibebwi.

Bibi yako.


30 Machi

Bibi, shikamoo.

Nimefurahi kwa kidole hadi bosi wangu akaniuliza nimeshinda nini. Nikamwambia Babu amegonga kijani. Akaniona mwehu.

Ugonjwa wa shingo naujua. Shingo ya magitaa haya hutoka ili yaingie kwenye boksi dogo dukani, na pale inapochomekwa kuna vimeno vya shaba vinavyogusana. Vikichakaa, vitufe vinakufa kuanzia chini. Basi nimeing'oa ile sehemu yote. Nimeunganisha nyaya moja kwa moja kwa risasi ya kulehemu, nikaifunga shingo kwa skrubu nne, mbili ndefu na mbili fupi, na juu ya kila skrubu nimetia tone la rangi nyeupe ili zisilegee. Haitoki tena, hata mkilitumia kama mchi. Kati ya magitaa yote niliyotengeneza mwaka huu, hakuna lililo imara kama hili.

Nimeomba likizo kuanzia tarehe saba Mei. Bosi amekubali, na hii ndiyo likizo yangu ya mwaka mzima. Likifika tarehe sita Aprili, siku ya thelathini itakuwa tarehe sita Mei, nami nitapanda basi kesho yake.

Mwambie Babu kitu kimoja tu: kijani ni mwanzo, nyekundu inafuata.

Nati


5 Mei

Nati,

Mvua imekuja na sufuria haitoshi, sasa tumetega na beseni. Watoto wa paka watatu tumewagawa. Mwenye suruali ya mguu mrefu amerudi, amemwambia Shangazi yako kwamba sasa huo mwingine ndio mfupi. Haya ndiyo ya nyumbani.

Jana gitaa limezimika lote. Si kitufe, si kibao. Lote. Hata taa ndogo haiwaki, betri tumebadilisha mara mbili. Ilikuwa siku ya ishirini na nane.

Najua umefunga begi. Lifungue. Ishirini na nane si thelathini. Aliyefika karibu na nyumba akalala nje, hakulala nyumbani.

Babu yako amekasirika, ameusukuma mkono wangu kijiko kikamwagika. Kwa hiyo hata hasira mimi ndiye nailipia, wewe huko unatia rangi nyeupe.

Limo ndani ya boksi. Nimesokomeza makaratasi lisigongwe.

Hasemi kitu.

Bibi yako.


16 Mei

Bibi, shikamoo.

Leo sitauliza habari za paka.

Nilipofungua boksi, kabla sijashika bisibisi, nilitazama skrubu. Matone ya rangi yote manne yalikuwa yamepasuka. Skrubu ndefu ilikuwa kwenye tundu la fupi, imeingia nusu, na fupi iko kwenye tundu la ndefu, inacheza. Aliyefunga hakuwa fundi. Alikuwa na haraka.

Ndani, kila kitu kizima. Vitufe vizima, kibao kizima. Waya mwekundu wa betri ndio umekatika. Bibi, hii ndiyo kazi yangu, kutwa naziona nyaya zilizokatika. Waya ukichoka hukatika kidogo kidogo, unaacha ndevu, na shaba yake inakuwa nyeusi. Huu una mdomo bapa na unang'aa. Umekatwa kwa mkasi. Nyumba hiyo ina mkasi mmoja tu, nao ni wa Shangazi, na Shangazi hawezi kutenda jambo bila kukuuliza wewe.

Tena kuna jingine. Makaratasi uliyosokomeza, moja ni kadi ya binti wa mazoezi. Nadhani ulivuta la juu tu, hukulisoma. Nakunakilia.

"Kidole cha shahada: kinakunja. Cha kati: kinaanza. Maneno: moja, anatamka mara nyingi kwa siku. 'Nati'."

Kadi ni ya tarehe kumi na mbili Machi. Tangu hapo umeniandikia mara mbili kwamba hasemi kitu.

Likizo yangu imepita, bosi hanipi nyingine mpaka Julai. Naweza kuacha kazi nije kesho. Kitu kimoja tu kinanizuia, kwamba ukisema utafunga mlango unafunga, na Babu atanisikia nje bila kuniona. Hilo sitamfanyia.

Ulikata wewe?

Nati


22 Mei

Nati,

Nimekujibu haraka, sijangoja boksi. Barua hii nimempa kondakta mkononi.

Nimekata mimi. Shangazi yako alikuwa ameenda kununua uzi. Nilitumia mkasi wake na kisu cha mezani, na skrubu moja ilinitoboa kidole, kwa hiyo kama ulitaka nitoke damu, imetoka.

Kadi ile niliiona, siwezi kusema sikuiona. Maandishi ya yule binti ni kama kuku kapita, nikadhani ni habari za vidole. Laiti ningejua, ningeitia moto.

Sasa nisome vizuri. Nimekaa na mtu huyu miaka arobaini na sita. Alipokuwa anarudi alfajiri ananuka jasho la harusi za watu, nilimfungulia. Alipoanguka bafuni, mimi ndiye niliyembeba. Tangu hapo nimemwosha, nimemgeuza, nimemtafunia nyama. Mwezi mzima hakuna sauti. Siku mdomo ulipofunguka nilikuwa nimeinama namfunga kifungo, nikaacha kila kitu nikatega sikio. Akasema Nati.

Nikimlisha anasema Nati. Nikimbadilisha shuka anasema Nati. Namuuliza mimi nani, ananitazama kwa adabu, kama mgeni aliyeletewa kiti, anasema Nati. Nikasema basi huyo Nati na aje afue.

Lakini ungekuja kufanya nini? Ungekaa siku nne. Mngechekeana, mngeshikana vidole juu ya hivyo vitufe, angekusamehe hata kabla hujafungua kinywa, maana yeye ndivyo alivyo, mjinga wa roho. Halafu ungeondoka. Mimi ningebaki na mtu anayelia jina lako hadi koo linakauka, na beseni la nguo. Nilipoona siku ya ishirini na nane, nikaenda kutafuta mkasi.

Radhi siombi. Nakuambia tu iliyo kweli kwa kuwa umeuliza.

Lirudishe. Safari hii sitaligusa, na Shangazi yako hataligusa, nakuapia kwa kaburi la mama yangu. Sharti liko palepale, siku thelathini. Zikitimia nitakuandikia uje. Zisipotimia, hutokuja. Mimi nilikata waya, ahadi sijawahi kukata.

Bibi yako.


30 Mei

Bibi, shikamoo.

Limo humu. Nimetoa nyaya zote nikaweka mpya, na swichi nimetoa kwenye gitaa jipya la bosi, yeye hajui. Skrubu nimezigandisha kwa gundi ya chuma. Mkasi wa Shangazi hautafungua kitu.

Litafika tarehe tatu Juni. Siku ya thelathini ni tarehe tatu Julai. Bosi ameshanipa Julai. Nitakaa na begi mlangoni, barua yako ikifika napanda basi saa ileile.

Kuna jambo sikuwaambia. Lile gitaa la mbao sikulitupa. Shingo nimeiunga mwaka wa pili huu, kidogo kidogo, baada ya kazi. Juzi nimelifunga nyuzi. Linashika sauti. Nataka niliweke mapajani mwake mimi mwenyewe, kwa hiyo hilo usimwambie.

Ila umwambie nakuja. Nakuomba hilo tu. Bibi, nilikuwa naamini wewe ni mkali, na watu wakikusema nilikutetea kwamba ukali wako ni wa mdomoni. Usinifanye mwongo.

Nati


4 Julai

Mjukuu wangu Nati,

Salamu. Bati limezibwa. Shangazi yako amemaliza sare za watu, hajakosea hata mguu mmoja, hacheki. Yule paka aliyebaki amehama chumba.

Gitaa lako limetimiza siku thelathini jana. Nimelikagua kila asubuhi kama ulivyotaka, limetundikwa, halikulazwa chali. Vitufe vinarudi vyote. Kibao kinahesabu mara moja. Shingo haichezi. Halina uji.

Babu yako tulimzika tarehe sita Juni.

Lilifika tarehe tatu kama ulivyosema. Tarehe nne alilipiga, wimbo mmoja, nimemhesabia mapigo arobaini na moja bila kukosa, na watu wa kwenye gemu wakampigia makofi. Tarehe tano asubuhi nilimpelekea chai nikairudisha. Tangu hapo halijaguswa na mtu, na mimi kiapo changu nimekishika.

Shangazi yako alitaka kukupigia simu siku ileile. Nilimkataza kwa ziwa alilonyonya. Siku ilikuwa ya pili tu, zilibaki ishirini na nane. Ningekuita siku ya pili, sharti lingekuwa sharti gani? Ulilivunja asubuhi moja gitaa alilotunza miaka thelathini na minne, nikataka nawe ujue siku zinavyohesabiwa. Hivyo ndivyo nilivyosema moyoni wakati tunarudi kutoka makaburini. Sasa zimetimia, na nyumba ina vyumba vitatu na mimi nimekaa kimoja.

Uliniomba nimwambie unakuja. Sikumwambia. Nilipanga nimwambie siku ya ishirini, asichoke kusubiri.

Kabla ya kulala ile tarehe nne alitamka neno. Usiniulize lipi, sitakuandikia.

Njoo. Ahadi ni ahadi. Mlango uko wazi tangu jana, kitanda chako nimekitandika mimi mwenyewe. Njoo na bisibisi yako, dirisha la jikoni halifungi. La mbao ulete au uache, ila wewe njoo.

Bibi yako.


15 Julai

Bibi,

Shikamoo. Usihangaike kuitikia.

Barua imefika. Begi lilikuwa mlangoni tangu tarehe tatu, nimelirudisha chini ya kitanda. La mbao nimelegeza nyuzi nikalitundika juu ya meza yangu, watu wanauliza ni la nani.

Neno lile huna haja ya kuniandikia. Lingekuwa jina lako, ungeliandika juu ya boksi kwa herufi kubwa, kondakta alisome na watu wa mizigo walisome. Kwa hiyo nimelisikia. Nilitaka kuja kusikia hilo tu.

La plastiki baki nalo. Usinitumie tena. Halina ugonjwa wowote, na lisipopigwa halitachoka. Litakaa hapo ukutani, zima kabisa, muda mrefu kuliko wewe.

Nati